Gari Kubebwa na Gari: Pikapu Kuukuu Kutoka Nanyuki hadi Takaungu

Katika Pwani yetu hii si ajabu kuona chombo kikibeba chombo. Jahazi huenda na mashua yake, na meli zinazofunga gati Kilindini hushusha magari kwa mamia. Lakini gari kupakiwa juu ya trela, likafungwa kwa mikanda na minyororo, likavutwa na gari jingine mwendo wa siku mbili mpaka uani kwa mwenyewe, hilo bado huwageuza watu shingo. Watoto husema mgonjwa yuwapelekwa hospitali. Wazee walioko barazani huuliza neno moja tu, nalo ndilo lenye maana kuliko yote: "Kwani haliendi lenyewe?"

Mara nyingi jawabu ni kwamba haliendi. Hapo ndipo mjadala huanza, maana mtu mwenye akili zake timamu atatoaje fedha kununua chuma kisichokwenda, kisha atoe fedha nyingine kukodi trela la kukibebea? Makala haya ni juu ya mjadala huo, na juu ya safari moja ya aina hiyo ambayo mwandishi wenu alikuwamo tangu kununua mpaka kushusha.

Yafaa msomaji ajue kwanza kwamba magari makuukuu yamepata soko nchini. Zamani gari likizeeka lilisukumwa nyuma ya gereji, kuku wakataga ndani yake, na kila mwenye shida ya skurubu akaja kufungua yake. Siku hizi wako watu wanaoyasaka mashambani kwa taa. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, ambako magari ya kale hukaguliwa usafi na uzima wake mbele ya umati wa watu, na mtu akishaona gari la ujana wa babake likimetameta pale hurudi kwao hana raha. Aidha, gari lililopindukia miaka minane tangu kuundwa haliruhusiwi, kwa kawaida, kuingizwa nchini kutoka ng'ambo. Basi mwenye kulitaka la mwaka 1970 hana budi alitafute miongoni mwa yaliyokuwapo hapa hapa, nayo hupungua kila mwaka kwa kutu na kwa wauza vyuma chakavu.

Gari la safari yetu ni pikapu ya Peugeot 404. Waliozaliwa baada ya mwaka 1990 huenda wasiijue, lakini na wawaulize wazazi wao. Aina hii ya 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na pikapu ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Injini yake imelazwa ubavu kwa pembe ya digrii 45, hata fundi mgeni akifungua boneti hudhani imeng'oka mahali pake. Mkono wa gia hauko sakafuni, bali umepachikwa kwenye nguzo ya usukani. Na mbele pana tundu la kutia mshikio wa kuwashia kwa mkono, neema kubwa kwa mtu aliyelala Garsen au Witu akaamka betri imekufa.

Sifa zake zilienea zaidi kwa mbio za East African Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 aliyekuwa usukanini ni Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo hata jirani zetu wa Tanzania walikuwa na haki ya kujisifu. Baadaye ilikuja 504, iliyotolewa mwaka 1968, ambayo iliunganishwa hapa hapa Mombasa kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo wengi wanayoikumbuka. Lakini wenye kujua hukwambia kwamba 504 ni mtoto, na 404 ndiye mama.

Kwa watu wa mwambao wa kaskazini pikapu hizi hazikuwa pambo. Alfajiri zilibeba samaki na barafu kwenda Markiti, mchana zikarudi na magunia ya unga na sukari. Msimu wa maembe zilibeba maembe, na nazi zilibebwa mwaka mzima. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria bila ya ile leseni iliyokuwa ikiwasumbua, pikapu za namna hii zilitiwa mabao mawili ya kukalia na turubali juu, zikawa miongoni mwa matatu za mwanzo. Bibi harusi alipelekwa kwa pikapu, na jeneza nalo likapelekwa kwa pikapu hiyo hiyo, tena labda katika wiki moja.

Marehemu ndugu yangu, Mola amrehemu, alikuwa na moja pale Takaungu tangu 1975. Ilikuwa rangi ya samli. Aliiendesha mpaka Mombasa wakati ambapo kuingia kisiwani kutoka kaskazini ni lazima upite daraja la kuelea la Nyali, lile lililokuwapo tangu 1931 mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980. Akienda Malindi alipanga foleni ya feri ya Kilifi, na foleni hiyo haikwisha mpaka daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991. Yeye hakuliona daraja hilo akiwa na gari lake. Mwaka 1988 alishikwa na maradhi, pikapu ikauzwa kwa ajili ya matibabu, na baada ya hapo haikujulikana imekwenda wapi.

Mwanawe, ambaye leo ni fundi wa mitambo bandarini, alikuwa mtoto wa miaka saba wakati huo. Kwa muda mrefu amekuwa akitafuta pikapu kama ile. Si ile yenyewe, kwani hilo ni jambo la kusadiki katika hadithi, bali ya umri ule na umbo lile. Mwaka jana aliletewa picha kwenye simu: 404 iliyosimama chini ya mti katika shamba moja karibu na Nanyuki, bei shilingi laki nne na elfu ishirini.

Mama yake, yaani shemeji yangu, hakupendezwa hata kidogo. Alimwambia mbele yangu, "Nyumba yavuja, nawe wenda kununua chuma Nanyuki? Baba ako alikuwa na gari kwa sababu alikuwa na kazi ya gari. Wewe una kazi gani nalo?" Kijana akanyamaza, na mimi nikanyamaza, maana hoja ilikuwa nzito. Ikapatanwa kwamba paa la nyumba litaezekwa upya kabla ya masika, na fedha zitakazobaki, zikibaki, ndizo za pikapu. Paa likaezekwa mwezi wa Januari. Fedha zilizobaki hazikutosha bei iliyotajwa, lakini kijana akasema bei ni mazungumzo.

Hapa yuko mtu atakayeuliza: kuna haja gani ya kusafiri karibu kilomita mia saba kulitazama gari, hali picha zake ishirini zimo simuni? Sisi tuliokaa chini ya masheikh tulifundishwa mlango wa biashara, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona kuuziana kwake hakusihi. Picha si jicho. Picha haina harufu ya petroli iliyochacha wala haikuonyeshi kilichoko chini ya zulia. Tena yule muuzaji alitaka atumiwe elfu hamsini kwa simu ili amzuilie gari, na mnunuzi asipotokea fedha hizo zisirudi. Hiyo ndiyo arbuni, nayo pia madhehebu yetu hayaikubali. Kijana hakutuma kitu. Alimpigia simu akamwambia, "Mzee, nakuja mimi mwenyewe na ami yangu." Mzee yule akaridhika, akasema gari haliendi popote, na kwa kweli alikuwa msema kweli.

Nanyuki ni nchi kavu, juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na ukavu huo ndio sababu ya watu wa Pwani kwenda kutafuta magari huko. Hapa kwetu chumvi ya upepo hula chuma mchana na usiku. Gari la miaka hamsini lililokaa Mombasa huwa limebaki rangi na jina. Mwenye gari alikuwa mkulima wa makamo ya babangu, mstaarabu, aliyetupa chai kwanza. Kisha akasema bila ya kuulizwa kwamba injini haijawaka tangu mwaka 2016, kwamba gia ya pili huruka, na kwamba rejeta limetobolewa na panya au na uzee, yeye hajui. Wauzaji wa namna hii ni wachache, na anastahili kusifiwa. Kueleza kasoro ya kitu unachokiuza ni wajibu juu ya muuzaji, wala si hisani.

Kuna kasoro moja hakuitaja, na naamini hakuijua. Kijana alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa, akaipitisha taratibu juu ya bodi. Penye chuma sumaku hushika. Penye plasta iliyopakwa na kupigwa rangi sumaku huanguka. Ilianguka chini ya mlango wa kushoto na sakafuni upande wa dereva. Tulipoinua zulia tukaona ardhi ya Nanyuki. Ama fremu yenyewe ilikuwa nzima, na namba iliyopigwa juu ya chuma ililingana na ile ya kitabu cha gari, herufi kwa herufi. Bamba lake la namba lilikuwa lile la zamani lisilo na herufi ya mwisho, alama ya magari yaliyosajiliwa kabla ya mwaka 1989, na kwa wapenzi wa vitu hivi bamba hilo peke yake lina thamani. Wakavutana kwa adabu, wakaishia laki tatu na nusu, maandishi yakatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Sasa likabaki la kulifikisha. Wako waliomshauri alivute kwa kamba. Kwa mwendo wa kutoka Kisauni mpaka Kongowea, sawa. Kwa kilomita mia saba ni kujitafutia maangamizi: gari la nyuma halina breki za kuaminika, na magurudumu yake yakizunguka wakati injini imelala, giaboksi huzunguka bila ya kurushiwa mafuta ya kutosha ndani yake, na kufika Thika umeshaiua. Wengine walisema tafuta lori tupu linaloteremka Mombasa kuchukua mzigo bandarini, wenyewe hukubali bei ndogo. Ni kweli, ila lori ni refu, gari hupandishwa kwa kutafuta kilima cha udongo na mbao mbili, na ndani hakuna mahali pa kulifungia. Kijana akaamua kukodi trela la kubebea magari huko Nairobi, livutwe na Land Cruiser ya rafiki yake wa kazini.

Kukodi nako kuna elimu yake. Trela lile lilikuwa na magurudumu manne katika ekseli mbili, njia mbili za chuma za kupandia, winchi ya mkono mbele, na breki zinazojibana zenyewe trela linapotaka kulisukuma gari lililo mbele. Kodi ilikuwa elfu tisa kwa siku na rehani elfu ishirini. Kijana alilizunguka akapiga picha kila tairi. Ubavuni mwa tairi huwa pana namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na tairi moja la kushoto lilikuwa limeandikwa 1411, maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2011. Lilikuwa limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Akamwonyesha mwenye trela. Mwenye trela akasema, "Hilo bado sana." Kijana akasema basi nipe spea, na picha hii nitakutumia sasa hivi ubaki nayo. Spea akapewa baada ya kuvutana, na picha ikatumwa.

Kupakia kulichukua saa mbili, na hapo ndipo nilipokumbuka manahodha wetu. Kusheheni chombo si kujaza. Baharini nahodha huogopa mzigo ulemee omo, chombo kikachimba maji. Katika trela hofu iko tezini: uzito ukizidi nyuma ya magurudumu, mkia huanza kucheza, ukicheza humtikisa anayevuta, na akikanyaga breki kwa hofu vyote viwili hujikunja na kupinduka. Basi mafundi husema kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote ikae juu ya kiungo cha kuvutia. Pikapu ya 404 ina uzito wa tani moja na ushei, na sehemu yake nzito ni injini, kwa hiyo ilipandishwa kichwa mbele. Ilivutwa kwa winchi taratibu, ikasogezwa kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka springi za Land Cruiser zikakaa chini kwa kadiri inayotakiwa na si zaidi.

Kisha ikatiwa gia, breki ya mkono ikavutwa, na vipande vya mbao vikapigwa mbele na nyuma ya magurudumu. Mikanda ilifungwa kwenye ekseli na magurudumu, wala haikufungwa kwenye bodi, kwa sababu bodi huinuka na kushuka juu ya springi na mkanda ulioshika bodi hulegea kila penye shimo. Minyororo miwili ya usalama ilipita chini ya mkono wa trela kwa kukatana kama herufi ya lamalifu, ili kiungo kikitoka mkono uangukie juu ya minyororo usichimbe lami. Taa za nyuma zikajaribiwa mara tatu. Vilivyokuwa vimelegea ndani ya pikapu, na vilikuwamo vingi, pamoja na kiota cha ndege, vilitolewa.

Tuliondoka Nanyuki baada ya sala ya Alfajiri. Rafiki mwenye Land Cruiser, ambaye si mtu wa dini yetu, alitungoja kwa heshima tukisoma dua ya kupanda chombo, ile iliyomo katika Suratu Zukhruf, kisha akatuuliza maana yake. Kijana akamfasiria. Akasema nayo yafaa hata kwa trela.

Baada ya kilomita ishirini tukasimama kukaza mikanda, nayo ilikuwa imelegea yote minne kama ilivyotarajiwa, maana mzigo ulikuwa umekaa. Tukapita Karatina, Sagana na Thika, tukaiepuka katikati ya Nairobi kwa barabara ya mzunguko ya mashariki, tukatokea Mlolongo kwenye malori. Mwendo wetu haukuzidi kilomita 60 kwa saa. Kila tuliposimama kijana aliteremka akagusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa kiganja: likiwa vuguvugu ni salama, likiwa la kuunguza basi beringi yafa. Polisi walitusimamisha mara tano. Mara nne walitaka kitabu cha gari na maandishi ya mauziano, ambavyo vilikuwa tayari, na mara ya tano askari mmoja mtu mzima hakutaka karatasi yoyote. Alitaka kuketi ndani ya pikapu kwa sababu, alisema, alijifunzia gari kwenye 404 huko Machakos.

Tulilala Makindu, mji ambao Masingasinga wana hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, na ambako msafiri hupewa chakula bila ya kuulizwa dini yake. Asubuhi tukateremka Mtito Andei, tukavuka mto wa Tsavo, Voi, Maungu. Jua likawa kali, lami ikawa inanuka. Kabla ya kufika Mackinnon Road tukasikia mshindo kama wa bunduki.

Ilikuwa lile lile tairi la 1411. Lau trela lingalikuwa la ekseli moja, pengine makala haya yangaliandikwa na mtu mwingine. Magurudumu matatu yaliyobaki yalilishika, dereva hakukanyaga breki, aliachia mafuta tu akaliacha lipungue mwendo lenyewe mpaka ukingoni. Tuliweka matawi nyuma yetu mwendo wa kutosha, kwa sababu malori ya barabara ile hayana simile, na kila moja likipita pikapu ilitikisika juu ya trela kama mtu mwenye homa. Kubadilisha kulituchukua dakika arubaini, na spea ile ile iliyotolewa kwa kuvutana ndiyo iliyotuondoa pale. Tukaenda kuswali kwenye msikiti wa Mackinnon Road, pale penye kaburi la Seyyid Baghali aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli, tukajumuisha Adhuhuri na Alasiri na kuzipunguza kwa ruhusa ya msafiri. Dereva wetu alikaa kivulini akinywa maji, hasemi.

Kijana alimpigia simu mwenye trela hapo hapo. Mwenye trela akasema tairi ni juu yenu, nitalikata kwenye rehani. Na hapa pana jambo ambalo watu wetu wengi hulikosea, wanaokodi na wanaokodisha, iwe ni trela, mashua, jenereta ya harusi au viti. Kitu cha kukodi mkononi mwa mkodishwaji ni amana. Kikiharibika bila ya yeye kupindukia wala kupuuza, hana dhamana. Akipindukia, kwa mfano kukipakia zaidi ya walivyoagana au kukipeleka pasipokubaliwa, hapo hulipa. Mwenye trela yule si Mwislamu na hatukumsomea fikihi. Kijana alimkumbusha tu picha aliyomtumia kabla ya safari, namba za mwaka zikionekana, na uzito wa gari ulioandikwa katika mapatano. Akanyamaza kidogo, akasema tutaonana.

Kutoka Mariakani hatukuingia Mombasa. Tulikata kwa njia ya Kaloleni, ambayo ina vilima na kona lakini haina msongamano, tukiteremka kwa gia ndogo katikati ya minazi, mpaka Mavueni kwenye barabara ya Malindi, na Takaungu si mbali kutoka pale. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Habari ilikuwa imetutangulia, kama kawaida ya habari, na uani kwa shemeji yangu watu walikuwa wamejaa. Wako waliocheka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo wa marehemu alipitisha mkono juu ya boneti, akaizunguka mara moja, akasema rangi siyo.

Shemeji alitoka na taa. Hakusema lolote juu ya bei, ingawa alikuwa ameshaambiwa. Pikapu ilipokwisha kushushwa alifungua mlango wa kushoto, ule wenye plasta chini yake, akaketi mahali pake pa zamani. Akanyoosha mkono mpaka kwenye mkono wa gia pale usukanini, akaugusa, akauachia. Kisha akamwuliza mwanawe, "Mbona haina turubali?" Mwanawe akamwambia turubali itashonwa. Akasema, "Mwambie fundi atie vishikizo vya shaba, vya chuma vitaliwa," akateremka kwenda kutazama chai.

Trela lilibaki na siku moja ya kodi, na kulirudisha Nairobi tupu ni hasara ya mafuta. Vijana wa pale walikuwa na nazi zinazotafuta soko, wakataka zipakiwe. Lakini trela lilikodiwa la kubeba gari, na kulitumia kwa jingine bila ya idhini ndiko huko kupindukia tulikokutaja. Mwenyewe akapigiwa simu. Akauliza ni nazi ngapi, akaomba apewe mia mbili ziwe zake, akaruhusu. Rehani ilirejeshwa yote siku tatu baadaye, kwa sharti kwamba lile tairi bovu arudishiwe, sijui la kazi gani.

Hivi ninavyoandika, injini imeshazungushwa kwa mshikio wa mkono na kuonekana haijashikana. Kabureta imepelekwa kwa fundi Kongowea, rejeta linatiwa risasi, na sakafu inakatwa bati jipya. Shemeji ametoa muda wake: hataki kuiona juu ya mawe chini ya mwembe itakapoandama Ramadhani, kwa sababu kuku wameshaanza kuizunguka.